Maswali na Majibu: Tiketi ya Chama Kingine Imefunguka

Shikamoo kaka. Mimi ni karani wa chama cha msingi, Newala. Malalamiko ya malipo ya korosho tunayatuma kwenye mfumo wa tiketi, ambamo kila lalamiko ni tiketi yenye namba na ukurasa wake. Juzi mwishoni mwa anwani ya ukurasa niliandika 1483 badala ya 1482, ikafunguka tiketi ya chama kingine, na akaunti za benki za wakulima wake. Nimeharibu mfumo?

Marahaba. Hujaharibu, umeukuta mbovu. Mfumo huo unauliza mlangoni tu: wewe ni nani? Ukishaweka nywila, hauulizi tena kama tiketi unayoiomba ni yako. Swali hilo la pili seva inapaswa kuliuliza kila ukurasa unapoombwa. Watengenezaji huona orodha yako ina tiketi zako tu, wakaridhika. Ni kosa lililoenea mno: OWASP, wanaoorodhesha hatari kubwa za programu za wavuti, waliliweka nafasi ya 5 mwaka 2017 na ya 1 mwaka 2021.

Ila 1484 usiijaribu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kusikoruhusiwa. Andika saa, namba na ulichokiona, umpelekee msimamizi wa mfumo peke yake. Kwenye kundi la WhatsApp usitume chochote.

Fundi wetu hapa Masasi atageuza namba za tiketi ziwe herufi ndefu zisizokisika. Inatosha?

Haitoshi. Linki hutumwa kwa huyu, ikafika kwa yule. Na msisahau viambatanisho: tiketi inaweza kuwa imefungwa vizuri, huku picha ya kitambulisho iliyomo ikifunguka kwa yeyote mwenye linki yake. Tengenezeni akaunti mbili za majaribio za vyama tofauti. Moja ifungue tiketi. Nyingine ijaribu kuisoma, kuijibu, kuifunga na kupakua kiambatanisho. Halafu rudieni bila kuingia kabisa.

Hoteli yetu iko Lindi mjini. Tiketi zetu ni za printa kugoma tu. Nani azitake?

Soma 20 za mwisho, utashangaa watu wanaandika nywila humo. Oktoba 2023 kampuni ya Okta ya Marekani ilitangaza kwamba mvamizi mwenye nywila ya wizi aliingia kwenye mfumo wake wa msaada, akafungua mafaili waliyopakia wateja. Baadhi yalikuwa na tokeni, yaani alama za siri za kuingilia kwenye mifumo yao bila kuulizwa nywila. Njia aliyopitia si hii ya Newala, ila alichokipata ndicho kinachokaa kwenye tiketi.

Tiketi zetu zilionekana na watu wengine. Lazima tuwaambie wakulima?

Waambieni, nawasihi. Mkulima anayesubiri pesa ya mnada akipigiwa simu na mtu anayejua jina lake na akaunti yake, kisha akaambiwa malipo yamekwama, ataamini. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo iarifiwe; sheria yake ya 2022 inataka hivyo. Kumbukumbu za seva msizifute: akaunti iliyofungua namba zinazofuatana, 1483, 1484, 1485, itaonekana humo, nanyi mtajua wakulima wa kuanza kuwapigia.