Kuhama FL Studio au kubaki?

Ndugu yangu, umesema unatengeneza biti kwa FL Studio ya kulipia (programu ya kutengeneza muziki kwenye kompyuta) miaka minne sasa, umeanza kurekodi kwaya, na rafiki anakusukuma uhamie Reaper, programu nyingine ya kurekodi muziki. Kwanza jiulize kinachokukwamisha ni nini hasa. Kama ni mwangwi wa chumba au maikrofoni dhaifu, programu mpya haitakusaidia hata kidogo. Tundika mablanketi mazito ukutani.

Lakini kwaya ni jambo jingine. FL Studio ilizaliwa 1997 ikiitwa FruityLoops, na mpaka leo utamu wake ni kupanga ngoma na vinanda. Kurekodi inarekodi, ila kukata na kuunganisha sauti nyingi za waimbaji kunachosha. Reaper hapo ndipo nyumbani kwake: maikrofoni kadhaa zinaingia kwa pamoja (mradi kadi yako ya sauti, yaani kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, ina matundu ya kutosha), na kila ukirudia kuimbisha, marudio yanapangwa moja chini ya lingine, unachagua kipande bora. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Mimi nisingefuta FL. Masasisho yake ni ya bure maisha yote. Pika biti humo, toa kila ala kama faili ya sauti ya WAV, ziingize Reaper kwa tempo (kasi ya wimbo) ileile, kisha rekodi waimbaji. Tafadhali usihame katikati ya albamu ya mteja. Anza na wimbo wako mmoja, umalize wote.