Mwanangu hushikwa na watu wanne ili atolewe damu. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua, Moshi. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka mitano na ana selimundu, yaani sikoseli, kwa hiyo kliniki wanamtoa damu mara kwa mara. Safari iliyopita alilazwa kitandani akashikwa na watu wanne, mimi nikaambiwa nisubiri nje. Tangu hapo akiliona geti tu analia mpaka anatapika. Sitaki apewe dawa ya kumtuliza. Jirani kaniambia niende na barafu nimkande mkono kabla ya sindano. Inafaa? Bibi yake naye anasema damu yenyewe mtoto hana, sasa wanammalizia. Na mdogo wake wa miezi mitatu natakiwa nimpeleke akapimwe damu.

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa safari hizo. Nianze na barafu, maana hiyo haifai kusubiri: usiiweke. Kwa mtoto asiye na selimundu ningekukubalia, kwa sababu baridi hutia ganzi kidogo. Kwa mwanao, baridi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha yale maumivu makali ya mifupa unayoyajua. Isitoshe, mishipa ikipata baridi husinyaa, na mtoaji damu anabaki kuitafuta kwa sindano.

Yeye anahitaji joto. Mwezi wa saba hapa Moshi, mtoto aliyepakiwa bodaboda saa kumi na mbili asubuhi hufika kwangu mikono ikiwa kama imetoka kwenye friji. Mshipa niliouona kwa macho mwezi wa pili, siku hiyo siupati hata kwa kidole. Mvalishe sweta la mikono mirefu, mzungushie kanga, na mkiwa kwenye foleni ushike mkono wake katikati ya viganja vyako mpaka upate moto. Mpe maji ya kutosha tangu jana yake, na asubuhi hiyo pia. Mwili wenye maji mishipa yake hujaa, na mtoto wa selimundu anayahitaji maji hayo hata siku isiyo na sindano. Mkiwa mmeambiwa asile, uliza kuhusu maji. Kwa vipimo vingi huruhusiwa.

Badala ya barafu, msugue. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu, zikifika kwenye uti wa mgongo, hupita kama kwenye lango, na mguso mwingine unaweza kulibana lango hilo. Mtoto akijigonga goti tunamsugua bila kufundishwa na mtu. Basi sindano inapoingia, msugue mgongo au bega kwa nguvu kiasi, si kumpapasa.

Sasa niseme linaloniuma zaidi, hao watu wanne. Nami nilifundishwa hivyo nilipoanza kazi: mlaze, shika magoti, shika mabega, chukua haraka, atasahau. Katika hospitali niliyofanya kazi zamani nilimshika hivyo binti wa miaka minne. Damu tuliipata. Aliporudi mwezi uliofuata, aliiona sare yangu tu akajikojolea. Kosa lilikuwa langu na wenzangu, na nilimwomba mama yake radhi. Ninachokijua sasa ni kwamba mtoto hasahau. Mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake huko Canada walionyesha kwamba watoto wachanga waliotahiriwa walionyesha maumivu zaidi walipochanjwa miezi kadhaa baadaye kuliko wasiotahiriwa. Ikiwa mwili wa mtoto wa siku chache unatunza jambo kiasi hicho, wa miaka mitano je?

Tena kukandamiza hakusaidii hata kazi yenyewe. Mtoto aliyelazwa chali anapigana, misuli inakaza, mkono unayumba, sindano inakosa, inarudiwa. Kwa hiyo mpakate. Kaa kwenye kiti, yeye akuelekee kifua kwa kifua, miguu yake ikikuzunguka kiunoni. Mkono wa kutolewa damu upite chini ya kwapa lako, utokee nyuma na kulala juu ya meza au mto. Mkono wako mmoja umkumbatie mgongoni, wa pili ubane kwapa lisifunguke. Msaidizi mmoja tu ashike kiganja chake kisitikisike. Mtoaji damu yuko nyuma ya bega lako, mtoto anauona uso wako. Hapo ameshikwa sawasawa, lakini kwake yeye amekumbatiwa na mama.

Ukifika, sema mapema kabla vifaa havijafunguliwa: “Sista, naomba nimpakate mwenyewe, akiwa kifuani kwangu anatulia.” Wengi wetu tutakubali. Na ukiambiwa utoke, omba kwa heshima ubaki. Ila kama wewe mwenyewe ukiona damu unasikia kizunguzungu, aende baba au mama mdogo.

Nyumbani jizoezeni siku moja kabla, si wiki nzima kabla. Mfanye mchezo: yeye awe daktari, mwanasesere apakatwe, mrija wa soda uwe sindano, kisha mbadilishane. Afundishwe na kupuliza: ajaze tumbo hewa, apulize taratibu kana kwamba anapoza uji. Nendeni na kichupa cha maji ya sabuni apulize mapovu. Mtoto anayepuliza pumzi ndefu hawezi wakati huohuo kuibana kifuani na kukakamaa. Ukipendelea katuni kwenye simu, ianze kabla ya mkono kufungwa mpira. Ikianza akiwa tayari analia, hataiona.

Kuhusu maneno, naomba uniamini kwenye hili dogo. Kabla ya sindano usimwambie “pole, pole mwanangu, pole”. Kwetu pole hupewa mtu aliyefikwa na jambo. Mtoto akiisikia kabla, anajua baya linakuja. Iweke, utaitumia baadaye. Wala usimwambie haiumi. Mwambie kweli kwa kipimo chake: “Utasikia kama kufinywa, tutapuliza mara kumi, itakuwa imekwisha.” Na nyumbani asitokee mtu wa kumtishia kwamba akikataa kula ataitiwa nesi amchome. Kila siku tunapokea watoto waliotishwa hivyo, na woga wao tunaukuta umeshakomaa. Mpe kuchagua anachoweza kuchagua, mkono wa kulia au wa kushoto, kutazama au kutotazama. Kutolewa damu kwenyewe usimuulize kama anataka.

Yapo pia yaliyo mikononi mwetu, na una haki kuyauliza. Spiriti iachwe ikauke kwanza, kama nusu dakika, kwani ikiwa mbichi inawasha sindano inapopita. Mpira wa mkononi usikae zaidi ya dakika moja. Kwa mkono mdogo, sindano ndogo ile ya kipepeo, yenye vibawa pembeni. Mimi nikikosa mara mbili naweka vifaa chini na kumwita mwenzangu, na wewe ukiona mtu anaingia ya tatu, omba abadilishwe.

Mdogo wake ni rahisi zaidi. Nenda naye akiwa na njaa kiasi, mwanzishe kunyonya dakika chache kabla, aendelee kunyonya sindano inapoingia na baada yake. Ziwa, joto la ngozi yako na harufu yako vinapunguza maumivu kweli, hilo limepimwa mara nyingi. Usimpake asali mdomoni, haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Bibi mwambie hivi. Mtoto wa kilo 16 ana damu kama lita moja na zaidi kidogo. Kichupa cha kifuniko cha zambarau, kile cha kupima wingi wa damu, huchukua mililita 2 hadi 4, hazijazi hata kijiko cha chai. Wasiwasi wake una msingi, kwa kuwa selimundu kweli huvunja chembe za damu. Na kipimo hicho ndicho kinachotuonyesha zimebaki ngapi.

Sindano ikitoka, pamba ibanwe mkono ukiwa umenyooka, dakika mbili au tatu. Mkikunja kiwiko, damu huvujia chini ya ngozi na kesho anaamka na uvimbe wa bluu, naye atauonyesha kila mtu kama ushahidi. Sasa ndipo umpe pole yake. Jioni bibi akiuliza, mwache asimulie mwenyewe. Akianzia kwenye kilio, msikilize mpaka mwisho, kisha mkumbushe na lile jingine alilolifanya: “Na yale mapovu uliyapuliza mangapi?” Akumbuke hilo pia mtakapoanza kujiandaa kwa safari ijayo.