Kabla Hujaandika Historia ya Riadha ya Shule Yako

Wanafunzi wa zamani wa shule yetu, shule ya serikali ya bweni huku Mbale, mashariki mwa Uganda, walinitupia kazi: niandike historia ya riadha kwa ajili ya sherehe. Nilikubali upesi, maana nilijua vikombe vimo kwenye kabati la hedimasta. Kweli vilikuwemo. Vingi havina mwaka, viwili vina jina la shule nyingine, na kimoja kilikuwa kinahifadhia chaki.

Ukipewa mzigo kama huo, usianzie ofisini. Shule za misheni zina bahati, wamisionari waliandika kila kitu: Namilyango ilianzishwa 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, hakuna anayebishana. Sisi ofisi yetu ilivunjwa wakati wa vita vya kumng'oa Idi Amin mwaka 1979, na madaftari, nasikia, yaliishia sokoni kufungia karanga.

Nikawafuata waliotajwa kwenye ubao wa washindi. Kila mmoja alinieleza alivyowaacha wenzake mbali, lakini mwaka hakumbuki. Aliyeniokoa ni mzee aliyeshika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo. Huyo anajua mwaka, anajua kama mvua ilinyesha, anajua mwalimu gani alishika saa. "Mwanangu, yule aliondoka kabla ya filimbi," aliniambia. Hilo sikuliandika, ila tarehe zake nilizikuta sahihi nilipokwenda Makerere kupekua magazeti. Na huko jihadhari: Uganda Argus lilibadilishwa jina enzi za Amin likawa Voice of Uganda. Ukiomba jina moja tu, utarudi na nusu ya habari.

Utakutana pia na jina la John Akii-Bua, mkimbiaji wetu mashuhuri. Wazee wawili waliniapia kwamba alikimbia kwenye uwanja wetu kabla ya kuchukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kwa sekunde 47.82. Huenda. Alikuwa polisi, na polisi hutembea. Lakini shahidi wa tatu sikumpata, nikaacha. Nadhani kila shule ya mashariki na kaskazini ina Akii-Bua wake.

Kilichonichosha zaidi ni yadi, kipimo cha zamani kabla ya mita. Ubao wetu unaonyesha mbio za yadi 880 kwa dakika 2 na sekunde 0.4. Chini yake, kwa rangi mpya, kuna kijana wa miaka ya baadaye: mita 800, dakika 2 kamili, na neno "rekodi". Tulimshangilia sana, nami nikiwemo. Lakini yadi 880 ni mita 804.67. Yule wa zamani alikimbia karibu mita tano zaidi, na kwa mwendo wake hizo ni kama sekunde 0.7. Kwa hiyo mita 800 angezimaliza chini ya dakika 2. Rekodi haikuvunjwa. Hata mbio fupi angalia: saa inayobonyezwa kwa mkono humpendelea mkimbiaji, ndiyo maana kwenye mita 100 na 200 huongezwa sekunde 0.24 ukitaka kuilinganisha na saa ya umeme.

Nilimpelekea hesabu hiyo yule kijana, ambaye sasa ana duka la vipuri vya boda. Alicheka, halafu akaniuliza, "Uwanja umeupima?"

Sikuwa nimeupima. Jumamosi tulikwenda na utepe, tukapita sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, kama inavyotakiwa kwenye uwanja wa nyasi usio na ukingo. Mzunguko ukatoka mita 391, badala ya 400. Mwalimu wa michezo akasema mistari huchorwa upya kila mwaka, na kwamba zamani kulikuwa na mwembe kwenye kona ya pili, wakimbiaji wakiuzunguka.

Kitabuni nimewaandika wote wawili na muda wao kama ulivyo. Pembeni nimeweka urefu wa uwanja, na mwembe.