Harufu ya sinki la bafuni: miezi miwili namwaga dawa, kumbe shida iko ukutani

Mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Tanga, akakaa siku tatu. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili asubuhi natoka chumbani nakuta chetezo kinafuka moshi, sio sebuleni, bafuni, kimekaa chini karibu na sinki. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "mwanangu hapa pana kitu". Nilitamani ardhi inimeze.

Maana mimi na mke wangu tulikuwa tunasikia kidogo tu, tena asubuhi, tunasema labda ni joto la Dar. Nilikuja kuelewa baadae kwamba pua inazoea, ile harufu ya mayai viza inayotoka kwenye maji taka ukikaa nayo kila siku unaacha kuisikia, mgeni akiingia ndo anapigwa nayo usoni. Kwahiyo ukitaka kujua bafu lako likoje toka nje nusu saa, nenda dukani, piga stori na jirani, halafu rudi uingie moja kwa moja bafuni. Au alika mama mkwe.

Sasa kosa langu, na nadhani ni kosa la wengi, nilianza na dawa kabla sijajua harufu inaingilia wapi. Nilinunua jiki, nikanunua ile ya maji ya kuzibulia, nikaambiwa na mtu kazini weka bekingi soda na siki, nikaweka, ikatoa povu zuri sana la kupigia picha. Lile povu lenyewe halina maajabu, soda na siki vikikutana vinauana, kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi tu. Siku moja nikaona ngoja nizidishe, nikamwaga jiki juu ya siki ilokuwa haijaisha kwenye bomba. Jamani usifanye. Ilitoka hewa kali, macho yanawasha, nikatoka nakohoa mpaka majirani wakasikia. Jiki ukichanganya na siki, au na ile dawa ya kusafishia choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini ambayo ni sumu kweli kweli. Nilifungua dirisha nikakaa nje na taulo kiunoni kama saa nzima.

Baada ya hapo ndo nikatulia nikaanza kutafuta kwa akili.

Kwanza maji yenyewe. Nilikinga glasi moja bombani nikaenda nayo barazani, nikanusa huko. Kama glasi inanuka ukiwa mbali na bafu basi shida ni maji, labda ya kisima au tenki halijasafishwa siku nyingi, na kama yananuka ya moto tu basi hita. Ya kwangu hayakuwa na harufu yoyote, nikavuka.

Pili sinki lenyewe. Nilichomoa kile kizibo cha kati, na hapa kama umetoka kula subiri kidogo, kilitoka na kitu kama mkia wa panya aliyelowa, nywele za watu wawili zimejisokota na sabuni na dawa ya mswaki, nyeusi, inateleza, inavutika kama mlenda. Nikasafisha. Halafu kuna kile kitundu cha pembeni juu, cha kupitisha maji yasifurike, watu wengi tunakisahau kabisa. Mle ndani kuna njia yake inashuka mpaka chini na haipati maji ya kutosha kujisuuza, kwahiyo utelezi unajijenga humo mwaka na mwaka. Niliingiza burashi ya kuoshea chupa za mtoto, ikatoka nyeusi tii, nikasuuza na maji ya moto na sabuni, kisha jiki kidogo iliyochanganywa na maji, safari hii yenyewe peke yake. Burashi hiyo usiirudishe jikoni, mimi mke wangu aliikuta kwenye kikapu cha vyombo na hilo nalo ni somo lingine.

Harufu ikapungua. Siku mbili. Siku ya tatu ikarudi kama haijaondoka.

Hapo ndo nikafanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza ningeokoa hela zote zile. Usiku kabla ya kulala nilikausha sinki, nikabandika tepu pana juu ya tundu la kati, nyingine juu ya kile kitundu cha pembeni. Lile tundu la chini sakafuni linalopeleka maji ya shawa nikaliwekea mfuko wa nailoni uliojazwa maji ukakaa juu kama kifuniko. Nikafunga mlango na dirisha. Asubuhi nafungua, harufu ile ile, tena mbichi. Kwahiyo haitoki tundu la sinki, haitoki sakafuni, inatoka sehemu ambayo siioni.

Sinki letu ni lile la mguu, ule mguu wa kauri umeficha mabomba nyuma. Na kuna kitu nilikuwa nimeshakiona ila sikukipa maana, harufu ilikuwa inazidi tukiwasha feni ya kutolea hewa. Ukifikiria ndo inavyotakiwa, feni inatoa hewa nje, mlango umefungwa, hewa ya kujazia itoke wapi? Inavutwa popote penye upenyo. Basi nikawasha feni, nikachana kipande chembamba cha toilet pepa, nikakishika kwa vidole viwili nikakipitisha nyuma ya ule mguu taratibu, chini juu, chini juu. Kilipofika pale bomba linapoingia ukutani kikaanza kucheza, kinasukumwa kuja kwangu kama mtu anakipuliza. Nikakaa pale sakafuni natabasamu peke yangu kama mwehu. (Usitumie kiberiti kwa jaribio hili, hewa ya maji taka ina gesi nyingine zinashika moto, na ndio, nilifikiria lile chetezo la mama mkwe nikamshukuru Mungu.)

Nikasogeza mguu wa kauri pembeni. Nilichokikuta: kutoka kwenye sinki inashuka fleksibo, lile bomba la mikunjo mikunjo kama kordioni, imenyooshwa moja kwa moja mpaka ukutani, haina kona hata moja. Ukutani kuna bomba la inchi 2, fleksibo yenyewe ni kama inchi 1 na robo, sasa ule upenyo uliobaki fundi aliuziba na nini? Mfuko wa rambo. Rambo la bluu, lile la gengeni, limeshindiliwa pale limeshaoza nusu. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwahiyo angalau nilijua kazi ilifanyika kabla ya hapo.

Kwa asiyejua hii mambo, kwa kifupi: chini ya kila sinki panatakiwa pawe na trapu, yaani kona ambayo maji kidogo yanabaki yamesimama muda wote, urefu wa kama sentimita 5 hivi au zaidi. Yale maji ndo mlango. Maji machafu yanapita kwenda, hewa ya shimoni haiwezi kurudi. Fleksibo inaweza kufanya kazi hiyo ukiikunja ikakaa kama herufi S iliyolala, tatizo inajinyoosha yenyewe na ile mikunjo yake ya ndani inashika uchafu. Ikinyooka basi wewe na shimo la choo mnavuta hewa moja, na jiki yote unayomwaga inakwenda zake shimoni.

Nilimpigia fundi bomba, akanambia bosi leo siwezi, kesho. Kesho yake naye akasema kesho. Nikaenda hadwea mwenyewe. Nilinunua trapu ya chupa ya plastiki, mafundi wanaiita botoltrapu, pamoja na mpira wa kupunguzia kutoka inchi 2 kwenda inchi 1 na robo, vyote havikufika elfu thelathini. Ushauri mmoja, ukishang'oa fleksibo ya zamani chukua kitambaa uzibe lile bomba la ukutani HAPO HAPO, sio urudi dukani ukaliache wazi kama mimi, nyumba nzima ilinuka mpaka mke wangu akahamia barazani. Na weka ndoo chini, mle ndani kuna maji ya tangu enzi.

Kufunga sio kazi ngumu. Angalia tu mpira wa wosha umekaa sawa, upande mwembamba uangalie kule unakoingia, kaza nati kwa mkono, usitumie spana maana plastiki inapasuka halafu unaanza upya. Ukimaliza jaza sinki mpaka karibu na juu, uachie maji yote kwa mkupuo, huku umetandika toilet pepa kavu chini ya kila kiungo. Tone likidondoka karatasi inakusema. Kwangu kiungo cha chini kilivuja kidogo, nikafungua nikageuza wosha, ikakata.

Harufu ikaisha siku hiyo hiyo. Lakini ukivuta maji ya choo sinki linalia, glu glu glu, na baada ya siku chache ile harufu ikaanza kuchungulia tena. Maana yake maji ya trapu yananyonywa, choo kikivuta na hakuna hewa ya kuingia kwenye mabomba, kinavuta kutoka kwenye sinki. Panatakiwa kuwe na bomba la hewa linalopanda juu ya bati. Nikatoka nje kuangalia, lipo, ila juu limefunikwa na kopo la rangi. Nikamuuliza mwenye nyumba, akasema baba mimi nililiziba, mbu walikuwa wanatoka humo. Na kweli mbu wanatoka, hajadanganya. Tukaondoa kopo tukafunga kipande cha wavu wa dirishani kwa waya. Sinki likaacha kulia.

Kingine kidogo, tuliposafiri wiki tatu tukarudi bafu linanuka tena nikapaniki bure. Ni lile tundu la sakafuni tu, maji ya trapu yake yalikuwa yamekauka kwa joto. Mwaga jagi mbili za maji, basi. Ukijua unasafiri muda mrefu malizia na kijiko cha mafuta ya kula juu yake, yanaelea yanazuia maji yasikauke haraka.

Mama mkwe kasema atakuja tena baada ya Ramadhani. Juzi nikainama chini ya sinki la jikoni kutafuta kisu kilichodondoka, nikainua macho, nikaona fleksibo. Imenyooka. Na kwenye kona ya ukuta kitu cha bluu kinachungulia.