Umeme ukikatika, data yako iko wapi?

Ukihudumia programu za mauzo za maduka utazoea simu za namna moja: umeme ulikatika, au luku iliisha, mashine ikawashwa tena, na sasa faili la mipangilio ni tupu au risiti za mwisho hazionekani. Mwenye duka hulaumu diski. Mimi humtafuta kwanza aliyeandika programu nimuulize: fsync, ile amri inayolazimisha data iandikwe diskini, umeiweka wapi?

Kwenye Linux, programu ikiita write, data huishia kwenye kumbukumbu ya mfumo endeshi, na programu hujibiwa kuwa tayari. Kumbukumbu hiyo imegawanywa kurasa, kwa kawaida za kilobaiti 4, na zenye data mpya huhesabiwa kuwa chafu mpaka kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iziteremshe diskini. Kama hujagusa mipangilio, kerneli huamka kila baada ya sekunde 5 na kusukuma zile zilizokaa zaidi ya sekunde 30. Bila utaratibu huo kompyuta zetu zingejikokota, kwa hiyo sina ugomvi nao.

Kupoteza nusu dakika ya mauzo kunauma, ila balaa kubwa ni mpangilio kuvurugika. Kerneli haijaahidi kwamba ulichoandika kwanza ndicho kitakachotangulia diskini. Mwaka 2009 watumiaji wa ext4, mfumo wa Linux wa kupanga mafaili diskini, walikuta mafaili ya baiti sifuri baada ya mashine kuzimika ghafla: programu zilikuwa zikilifuta faili la zamani na kuandika upya papo hapo, huku ext4 ikichelewa kuitengea nafasi data mpya. Kerneli 2.6.30 iliwekewa kinga dhidi ya mtindo huo, lakini usiitegemee. Andika faili jipya pembeni, ndani ya saraka ileile, lipitishe kwenye fsync, ndipo ulihamishe kwa rename juu ya la zamani. Kisha ifanyie fsync saraka yenyewe. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, na bila hiyo hata ule uhamisho wa jina unaweza kupotea.

Sasa, fsync ikirudisha kosa, usiirudie. Najua mkono unawasha kuandika kitanzi cha kujaribu tena; hata waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL walikuwa wakirudia. Mwaka 2018 ikabainika wazi kwamba Linux ikishindwa kuandika ukurasa inaweza kuuhesabu kuwa safi hata hivyo, hivyo fsync ya pili inarudi na jibu zuri ilhali data haikufika popote. Toleo la 11.2 la PostgreSQL, lililotoka Februari 2019, hufanya jambo la kikatili na sahihi: hujiangusha, kisha hujijenga upya kutoka kwenye logi yake, yaani kumbukumbu ya mabadiliko iliyoandikwa diskini. Programu yako nayo iache ife.

Kuna pia ukurasa kukatika katikati. PostgreSQL hutumia kurasa za kilobaiti 8, yaani mbili za kerneli, na umeme unaweza kuondoka nusu moja ikiwa mpya na nyingine ya zamani. Ndiyo maana kuna full_page_writes, inayotunza nakala ya ukurasa mzima kwenye logi. Kila nikikutana na mtu anayeshauri kuizima ili kasi ipande, huwa nauliza kama yeye ndiye atakayepokea simu usiku.

Kwenye macOS, fsync ya kawaida haiilazimishi diski kumwaga kumbukumbu yake ya ndani, tumia F_FULLFSYNC.

Kupima haya yote kwa kill -9, amri ya kuiua programu ghafla, hakusaidii, kwa kuwa kurasa chafu ni mali ya kerneli na hubaki salama programu ikifa. Chukua mashine ya majaribio, ianzishie mauzo mfululizo, chomoa waya ukutani. Ukiiwasha, linganisha risiti zilizokwisha kuthibitishwa na zile zilizomo diskini. Kama ni laptopu, toa betri kwanza, la sivyo utachomoa waya mpaka jioni na kila kitu kitaonekana kizima.