Ekskaveta ndogo kwa uwanja wa gofu: tani 1.7 au tani 5?

Ndugu, kwa uwanja wa mashimo 18 pale Nairobi, na kazi yenyewe ni mitaro ya maji na kukarabati banka (mashimo ya mchanga yanayotega mipira), mimi ningechukua ya tani 1.7. Ya tani 5 ni nzuri kwa kuchimba bwawa, lakini bwawa halichimbwi kila mwezi. Siku ya bwawa, ikodi.

Mashine ya tani 1.7 huchimba takriban mita 2.3, kina kinachotosha kabisa kwa mitaro na mabomba ya kunyunyizia. Nyingi huvuta ndani mikanda yake ya kutembelea hadi upana wa karibu mita 1, kwa hiyo hupita kati ya miti. Dai mikanda ya mpira, na umbo ambalo mgongo wa mashine hauchomozi nje ya mikanda sehemu ya juu inapozunguka. Ukingo wa banka hauna nafasi ya makosa.

Kinachochana nyasi hasa si uzito, ni dereva anayegeuza papo hapo. Ageuke kwa kona pana, tena juu ya mbao za plaiwudi. Na udongo mweusi ukilowa, mashine ibaki bandani, hata meneja akinuna.

Omba ndoo pana isiyo na meno kwa kuchonga kingo, na nyembamba kwa mitaro. Kabla ya kulipa, tikisa mkono wa ndoo: pini zikicheza, shusha bei au ondoka. Ulizia pia vipuri vinapatikana wapi mjini.