Pesa ya fungate itengwe kabla kamati haijakaa

Tangu niweke zile picha za fungate yetu Nyahururu kwa status watu wananiuliza tulitoa wapi pesa ya kuzurura wiki nzima, juu kila mtu anajua harusi ya Nairobi ikiisha maarusi wanabaki na sufuria kumi na mbili na madeni. Jibu ni fupi, tuliitenga mapema na kamati ya harusi haikuambiwa. Lakini wacha nieleze vizuri, na nitasema pia penye tulikosea.

Mwezi wa tano mume wangu aliweka 60,000 kwa akaunti ingine, akaniambia hii usiihesabu kabisa, jifanye haiko. Kamati ikaanza kukaa mwezi wa sita, kila Jumatano jioni, na mkutano wa kwanza tu bajeti ilitoka 300,000 ikafika 550,000 bila sisi wawili kufungua mdomo. Anti mmoja akasema tenti za kawaida ni aibu, mwingine akasema hajawahi kuona harusi ya msafara wa magari mawili, basi vitu vinaandikwa tu. Hakuna mtu mbaya hapo, ni vile mtu akikaa kwa kamati anaanza kuona harusi ni yake. Na ahadi ziliandikwa nyingi kweli kweli, kitabu kikajaa, lakini ahadi si M-Pesa. Wiki ya mwisho mweka hazina akasema kuna pengo la 80,000, halafu akatuuliza kwa upole, "Na nyinyi watoto wangu, hakuna kitu kidogo mmeweka mahali?" Mume wangu akaangalia ukuta. Mimi nikaangalia soda yangu.

Tulipunguza keki kutoka ngazi sita zikawa tatu, msafara ukawa hayo magari mawili ya aibu, na mpaka leo hakuna mgeni hata mmoja ameuliza. Kama tungeitaja ile 60,000 ingekuwa imeenda kwa maua, na maua yenyewe Jumapili asubuhi yalikuwa yanakanyagwa na vijana wa kukunja tenti.

Kitu ingine ilitusaidia ni kutoa mambo ya cheti mbali na siku ya sherehe. Ntheo, ile mila ya Wakamba ya kupeleka mbuzi kwa kina bibi harusi, tulikuwa tumeshafanya kwetu Machakos Aprili, mbuzi zikapelekwa, kwa hivyo kwa wazee nilikuwa mke wa mtu tayari. Cheti cha ndoa tulichukua Sheria House, kwa msajili wa ndoa, siku ya Ijumaa, mashahidi wawili, kiapo, saini, tukatoka hapo Harambee Avenue tukaenda kula chips. Jumamosi ikabaki ya kucheza tu. Ila jueni notisi ya ndoa inakaa siku 21 kabla hamjafungishwa, kwa hivyo usiende wiki mbili kabla ukidhani utaongea na mtu.

Sasa makosa. La kwanza, tuliondoka Nairobi Jumapili asubuhi, masaa machache baada ya emsii kuzima maiki. Tulikuwa tumelala saa tisa usiku, saa mbili tuko Thika Road, gari ni ya shemeji, riboni bado iko kwa boneti, sisi tunajiona kama watu wa tangazo la biashara. Kufika karibu na Makutano nikaona gari inaanza kutafuta mstari mweupe pole pole. Nikamwangalia mume wangu, macho yamefunguka lakini mwenyewe hayuko. Nilipiga kelele mpaka nikaishiwa sauti. Tulisimama Sagana tukaagiza samaki, na kabla samaki hajafika jamaa alikuwa amelala juu ya meza, nikamwacha masaa mawili, samaki nikamaliza mimi. Lala usiku wa kwanza hapo hapo mjini, hata kama ni kwa nyumba yenu, zima simu ulale mpaka mchana. Mlima Kenya hauendi mahali.

Njia tuliyochagua ni kuzunguka Aberdare, unapanda na Sagana, Karatina, mpaka Nanyuki, halafu unarudi Nyeri na kukata kupitia Mweiga mpaka Nyahururu, kisha Nakuru, Naivasha, nyumbani. Ukiiweka pamoja ni kama kilomita 550 hivi, lami, na mafuta yetu hayakufika 11,000. Watu walituuliza mbona si Diani huko pwani. Diani ni pazuri, lakini ile barabara ya Mombasa na malori yake kwa mtu ametoka harusini ndio hiyo nilikuwa naogopa, na hii ya kuzunguka kila siku unaendesha masaa mawili matatu tu halafu unafika mahali.

Nanyuki tulikaa siku mbili. Mlima unaonekana asubuhi mapema, saa kumi na mbili na nusu uko pale wote na theluji yake, mita 5,199, ikifika saa nne umevuta mawingu umejifunika kama mama mkwe amekasirika. Kwa kibao cha ikweta kuna vijana wa beseni, wanakuonyesha maji yakizunguka huku na huku kwa njiti ya kiberiti. Nilisoma fizikia kidogo, najua dunia haina habari na beseni ndogo hivyo, maji yanaenda kule kijana ameyamwaga. Lakini tulilipa, tukapewa cheti cha kuvuka ikweta, na mume wangu akakishika akaniambia, "Mama watoto, hiki ni cheti cha pili wiki hii." Nimeviweka kwa faili moja.

Kosa la pili ni buti, na tulilijua pancha ilipotupata mbele ya Mweiga tukielekea Ndaragwa. Baridi ya Agosti, ukungu umeshuka, na mimi nina sweta moja nyembamba juu nilidhani Kenya ni Nairobi. Spea iko chini ya buti, na buti lote limejaa zawadi tulizobeba kutoka sherehe moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Tukaanza kutoa. Blanketi tatu, hotpoti, seti ya vikombe, thamosi mbili, sufuria ndani ya sufuria, saa ya ukutani yenye picha ya maporomoko, tukapanga kwa nyasi kando ya barabara vizuri ili zisichafuke. Boda ya kwanza ikapunguza mwendo, jamaa akauliza, "Sufuria ni ngapi?" Nikadhani ni mzaha. Kidogo mama mmoja akashuka kwa matatu, akaja akashika blanketi, akalikunjua, akalinusa, akaniambia kwa upole kabisa, "Mtoto wangu, nipunguzie nichukue mawili." Mume wangu alikuwa chini ya gari anacheka mpaka kichwa kinagonga bampa. Nilimweleza mama kuwa hatuuzi, hizi ni zawadi za harusi, hakuamini mpaka nikamwonyesha riboni, ndio akanipa mkono akanibariki na kuondoka bila blanketi.

Na baada ya kutoa vitu vyote tukagundua spea iko lakini jeki hakuna. Tulikaa kama saa nzima hivi tukinywa maji moto ya thamosi mpya, tena hiyo thamosi ilikuwa na harufu ya kiwanda, mpaka mzee mmoja wa pikapu ya kabichi akasimama. Alitoa jeki yake, akafungua nati mwenyewe juu aliona vile mume wangu anashika spana, kazi ya dakika ishirini. Tulipotaka kumpa kitu alikataa, akasema weka hiyo ya mafuta, akatuongezea kabichi mbili. Kwa hivyo mkiazima gari ya mtu fungueni buti siku moja kabla, muone spea ina upepo, jeki iko, spana iko, lifesaver ziko, zile pembetatu za kuonya magari. Zawadi zipelekeni nyumbani kwanza.

Nyahururu yenyewe ni maporomoko ya Thomson, maji yanaanguka mita 74, na kama una magoti mazuri unaweza kushuka ngazi mpaka chini ila ni utelezi sana. Ukishapiga picha na wale wazee wenye manyoya na vinyonga ujue unalipa, elewaneni bei kabla hajakuwekea kinyonga begani. Beba jaketi la ukweli. Kabichi tulimpa mama wa gesti, akatupikia na nyama ya mbuzi, na hiyo ndiyo chakula bora ya safari nzima, naapa.

Nakuru tulipita tu, tukanunua jeki. Naivasha tulilala usiku mmoja, tukaendesha baiskeli kwa mbuga ya Hell's Gate, pundamilia wanakuangalia hapo kando bila wasiwasi na wewe unahema kama injini ya posho mill. Kurudi msirudi Jumapili jioni, Nairobi nzima inakuwa inarudi kutoka Naivasha na mtasimama foleni mkikosana kwa mara ya kwanza kama mume na mke. Sisi tulitoka Jumamosi asubuhi tukapitia Mai Mahiu, tukasimama kwa lile kanisa dogo la Waitaliano waliokuwa mateka wa vita, walilijenga 1942, watu kumi wakiingia limejaa. Tuliingia wawili.

Shemeji alikuja kuchukua gari jioni hiyo hiyo. Akazunguka, akakagua matairi, akafungua buti, akaona jeki mpya inang'aa, akatikisa kichwa akatuambia, "Mnaona umuhimu wa kutunza vifaa? Hii nimekuwa nayo miaka."